Mpiga chapa wa Isebania na majeraha ya Radi

Saa nane mchana, Jumapili, na wingu limekaa juu ya Sirare, upande wa Tanzania, kama mgeni asiye na haraka. Nyamoita Kerosi analitazama kupitia mlango wa duka hapa Isebania, upande wa Kenya, anatazama kompyuta, kisha anarudi kwenye wingu. Mvua ikivuka mpaka, laini ya simu itakufa. Ikifa, kesho itafika kabla hajasema neno lake.

"Bonyeza basi, wifi," anasema Bitutu, dada ya marehemu mumewe. Ameketi kando yake, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake hospitali. "Hilo wingu halitakuomba ruhusa."

Nyamoita anabonyeza. Kisanduku kando ya kompyuta, kile kinachoiunganisha na mtandao kwa laini ya simu, kinalia kama bati linalokwaruzwa na msumari. Kinatafuta Kisumu. Kinakosa. Kinatafuta tena.

Siku za kazi, mama huyu wa miaka hamsini na mmoja hupiga chapa barua za wafanyabiashara na kuwaunganishia watu simu. Duka ni la Mahmud, aliyetoka Wajir na kufungua biashara hapa karibu na wabadilishaji pesa. Mshahara ni shilingi elfu tatu na mia tano kwa mwezi. Jumapili, duka likiwa kimya na simu za mbali zikiwa nafuu, Nyamoita hufanya jambo ambalo majirani zake bado hawajalielewa. Huingia mchezoni.

Si karata, si bao. Ni mchezo wa kompyuta usio na picha, maneno matupu, unaochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye mashine yake na nchi yake. Kila mmoja hujichagulia jina na kazi. Ukiandika kwamba unafungua mlango, mlango unafunguka, na mwenzako aliye mbali anasoma kwamba umefunguka. Ukiuawa umekufa, unaanza upya kama mtoto mchanga.

"Shule niliishia darasa la saba," anasema, "lakini kuandika haraka najua. Na huko ndani anayeandika haraka ndiye anayeishi."

Mwanzo wake ulikuwa Januari mwaka huu wa 1999. Mniko, fundi wa Ntimaru ambaye amefunga kompyuta kuanzia hapa hadi Migori na Homa Bay, aliwaachia wateja wake wote michezo ileile mitano wajaribu. Nyamoita aliijaribu yote kwa uvumilivu wa mtu anayechagua mbegu.

Wa kwanza ulikuwa wa panga tu. Wa pili ulitaka malipo ya kadi ya benki, na yeye benki anaipita akienda sokoni. Wa tatu ulikuwa na picha, na picha moja ilishuka polepole hata akapika ugali, akarudi, akaikuta imefika shingoni. Wa nne watu walitukanana sana. Wa tano ulimuuliza swali lililomkalisha kitini: unataka kufanya kazi gani?

"Kulikuwa na askari, mwindaji, mwizi. Mwizi pia ni kazi, fikiria. Na kulikuwa na tabibu. Nikasema, hapo sawa, hapo hata kanisani wakiniuliza nina jibu."

Akajiita Subira. Akachuma majani, akafunga vidonda. Mwezi wa pili akakutana na askari aitwaye Radi, shujaa asiyejua kurudi nyuma. Siku moja Radi alipigwa mshale akaandika "Uwi mama yangu," na hivyo wakajuana kwamba wote wawili wanasema Kiswahili. Radi alisema yuko Nairobi. Subira alisema ni mwanafunzi wa Dar es Salaam. Mchezo ni wa kuwa mtu mwingine, na hakuna aliyemwuliza mwenzake zaidi.

Basi wakawa kundi moja. Wiki baada ya wiki Radi aliumia na Subira akamtibu. Kutibu huko kuna hatua zake, zote huandikwa: mvue shati, mwoshe kidonda, mpake dawa, mfunge. Wakila, hula chungu kimoja, maana kundi lililokula pamoja hupona haraka.

Jumapili iliyopita Radi hakutaka kupigana. Aliketi kando ya moto akaandika kwamba ana jambo, na hana mtu wa kumwambia.

Aliandika kwamba yeye si mtu wa Nairobi. Kazi yake ya mradi wa samaki iliisha Machi wafadhili walipoondoka. Mkewe hajui. Kila asubuhi huvaa shati safi na kwenda kukaa katika ofisi tupu yenye kompyuta na simu ambayo bado haijakatwa. Ameamua kwenda Mwanza kutafuta kazi. Jumatatu ya wiki inayofuata atampeleka mkewe na mtoto kwa mama mkwe, kama matembezi tu, kisha hatarudi kuwachukua. Vyombo atauza. Ataanza na cherehani ya mkewe, ile yenye gurudumu la kijani.

"Subira, wewe ungefanyaje?" akauliza.

Nyamoita alilijua gurudumu hilo. Lilivunjika pale Rongo siku ya kupeleka cherehani kwa binti yake Pauline, na yeye mwenyewe ndiye aliyelibadilisha na kulipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye dirisha la jikoni. Radi alikuwa Ratemo, mume wa Pauline. Mkwewe.

Aliandika maneno mawili, "Nitakujibu Jumapili." Akasimama, akatoka nje kwenye pipa la maji, akanawa mikono mpaka viwiko.

Asiyekulia Kisii atauliza kosa liko wapi. Kwa Wagusii, mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawagusani, wala mama hamwoni mkwewe akiwa kifua wazi. Neno la ndani hupitia mtu wa kati, au husemwa mmoja akiwa upande huu wa ukuta na mwingine upande ule. Heshima hiyo huitwa chinsoni. Ratemo akipita Isebania, Nyamoita hutoka kwa mlango wa nyuma.

"Na mimi nimemvua shati kila Jumapili tangu Februari," anasema, akifunika mdomo kwa leso. Anacheka kidogo, kisha hacheki.

Wiki nzima hakulala vizuri. Akimpigia Pauline, binti atajua alivyodanganywa, na hata mume akibaki hawatatazamana tena. Bitutu alijitolea kwenda Homa Bay, wanakoishi Pauline na mumewe, amkabili kijana uso kwa uso.

"Nikamwambia, wifi, akikuona mlangoni atajua amesikika. Mtu mwenye aibu anatafuta tu kitu cha kukimbia, na wewe utakuwa umempa."

Kukaa kimya ni kumwacha binti yake aje "matembezi" yasiyo na mwisho. Zilibaki saa chache na mlango mmoja tu, ule ambao Ratemo mwenyewe aliufungua. Lakini kwa mila, mama mkwe hawezi kupita mlango huo. Ndiyo maana leo Bitutu ameketi hapa. Yeye ndiye mtu wa kati.

Kisanduku kinanyamaza. Kimeshika. Maandishi yanatiririka kwenye kioo.

"Yupo?" anauliza Bitutu.

"Yupo. Ana mshale begani. Anasema nije haraka."

"Anataka nini?"

"Niutoe."

"Akae nao kwanza. Mwambie hujambo."

"Huko watu hawasalimiani hivyo, wifi."

"Mimi sijui vya huko. Maneno ni yangu, vidole ni vyako. Usiongeze lako hata moja."

Nyamoita anaandika. Radi anajibu kwamba damu inamtoka na wezi wako nyuma ya mawe, mbona Subira amesimama tu? Vidole vya Nyamoita vinasogea kwenye herufi za ile amri ya kwanza aliyoizoea, ya shati. Anavirudisha mapajani kama amegusa sufuria ya moto.

Mahmud analeta chai ya maziwa na kuiweka mbali na mashine. "Mama Pauline, mimi sisemi kitu," anasema. "Lakini huko Sirare mabati yameanza kulia."

"Mwambie hivi," anasema Bitutu, na sauti yake sasa ni ya kikao. "Gurudumu lile lilipakwa rangi ya kijani kwa sababu ilikuwa ndiyo rangi iliyobaki."

Herufi zinakwenda. Mkokoteni wa mahindi ya Kegonga unapita nje, mwenyewe akipiga mluzi, na hakuna anayegeuka kumtazama.

Kisha maneno yanatokea: "Wewe ni nani?"

"Mwambie ni shangazi Bitutu."

Tone la kwanza linagonga bati la duka.

"Na Subira ni nani?"

Nyamoita anamtazama wifi yake. Bitutu anakunja kamba ya mkoba kidoleni, anaikunjua.

"Andika kwamba Subira amekaa nyuma ya ukuta. Ameanza kukaa huko leo. Mtu akiwa na neno la kweli, aje alisemee upande wake wa ukuta, atasikika. Kesho wageni wapokelewe wangapi?"

Nyamoita anaandika mpaka neno la mwisho. Mvua inashuka yote kwa pamoja. Kisanduku kinatoa mlio mfupi, taa yake ndogo inazimika, na hakuna ajuaye kama swali limefika.

"Jaribu tena," anasema Mahmud.

Anajaribu mpaka giza linaingia. Laini imekufa.

Jumatatu, Nyamoita anapiga chapa barua ya dereva wa lori na kuirudia mara tatu, yeye ambaye hakosei. Kila gari la Migori likisimama, mikono yake inasimama. Bitutu ameweka kiti mlangoni, hajakiacha tangu asubuhi.

Saa tisa gari linashusha abiria ng'ambo ya barabara. Pauline anashuka, mtoto mgongoni. Utingo anamteremshia begi moja. Nyamoita anahesabu kwa macho: binti, mtoto, begi. Anashika ukingo wa meza.

Kisha utingo anapanda juu ya gari na kuanza kufungua kamba. Cherehani inashuka taratibu, gurudumu la kijani mbele, na aliyenyoosha mikono kuipokea ni Ratemo.

Nyamoita hangoji. Anaingia chumba cha nyuma, anafunga mlango, anaketi juu ya gunia la sukari la Mahmud. Kati yake na duka kuna ukuta wa mbao. Anasikia kiti kikivutwa. Anasikia mtoto akimwita Bitutu bibi. Anasikia kikohozi cha mwanamume.

"Mama," sauti inasema upande wa pili, "kazi iliisha Machi. Pauline nimemwambia jana jioni. Amelia, amenitukana, amepanda gari. Nimekuja kulisema mwenyewe."

Nyamoita hajibu moja kwa moja. Anagonga ubao mara moja kwa kidole, na Bitutu anasema, "Amesikia."

Ratemo anasimulia baadaye kwamba mnunuzi wa cherehani alikuwa ameshapatikana. "Alikuja na mkokoteni Jumapili asubuhi, Pauline akiwa kanisani. Mkono ukakataa, nikamwambia arudi jioni. Jioni nilikuwa nimeshasoma yale maneno." Swali la wageni wangapi lilifika, anasema. Lilikuwa la mwisho kufika.

Mwanza bado atakwenda, safari hii kwa kuaga. Pauline atashona hapa sokoni, kwenye baraza la duka la Mahmud, mpaka atakapoitwa. Bado hajazungumza na mumewe kwa utulivu. "Nilivyofichwa miezi yote hiyo, siwezi kusahau kwa safari moja ya gari," anasema, akipaka mafuta mashine yake. Hakuna anayemharakisha.

Mambo ya shati Bitutu ameyaamua: aliyevuliwa ni Radi, wala si Ratemo, na aliyemvua hakujua. Lakini kuanzia sasa anajua, kwa hiyo Subira ameacha utabibu. Nyamoita amekwishachagua kazi mpya, ya mwenye kivuko, mtu anayekaa upande wake wa mto na kuwavusha wasafiri.

Mpango ni huu. Kila Jumapili saa nane Ratemo atatafuta mtandao huko Mwanza na kuingia mchezoni, afike ukingo wa pili. Wasipomwona Jumapili moja, Isebania watajua ametoroka, na Bitutu atapanda gari kumfuata.

"Na Radi akiumia atatibiwa na nani?" anauliza Ratemo siku ya kuondoka, akiwa upande wake wa mbao. "Ule mshale niliuchomoa mwenyewe."

Nyamoita anafikiri kidogo.

"Wifi, mwambie avae ngao," anasema. "Na mwambie mimi nitawasha moto upande wangu. Akifika mtoni auone moshi."