Kola, Mifuko na Mkono wa Kulia

Mama Pasi hakuwa mtu wa kupiga magoti. Alisali akiwa amesimama mezani, pasi ya mkaa mkononi, na kila nguo aliyoinyoosha alimwombea mwenye nguo. Kwenye kola aliombea kichwa, kwenye mifuko aliombea riziki, na alipofika kwenye mikono aliombea kazi ya mtu huyo, iwe yoyote ile.

Usidhani maombi hayo yalikuwa ya kimalaika. Shati la kiongozi wa kwaya, bwana aliyependa kufunika sauti za wenzake, lilipata sala yake maalumu: "Baba, nakusihi, mpunguzie mtumishi wako pumzi." Mwenye nyumba alikuwa bahili hata wa salamu, kwa hiyo mifuko ya suruali zake aliikandamiza kwa nguvu zote akisema, "Fungua, Bwana, fungua!" Wateja hawakujua lolote. Waliona tu nguo imenyooka.

Kisha mkono wa kulia ukamgomea. Ganzi ilianzia begani, ikashuka mpaka vidoleni, na asubuhi moja akashindwa kuinua hata kikombe. Daktari alisema kuna mshipa umebanwa, apumzike, huenda nguvu zikarudi. Hilo "huenda" lilimkosesha raha kabisa. Lakini kilichomtisha zaidi hakumwambia mtu: hata kuomba kulikuwa kumegoma. Alifumba macho, akaita "Baba," na maneno yakaishia hapo. Miaka yote aliombea nguo za watu, kujiombea mwenyewe hakuwahi kujifunza. Alijiona kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake, akalia.

Mchungaji alikuja kumsomea habari za nguvu za Mungu kwa walio dhaifu. Mama Pasi alimshukuru, akamsahihisha sura aliyoitaja, na mgeni alipoondoka akabaki mkavu vilevile.

Jumapili akakataa kwenda kanisani. Gauni lake la bluu lilikuwa limekunjamana.

"Dobi mzima niingie kanisani kama nimetoka kulala kwenye gunia? Sithubutu."

Aliyeambiwa hayo ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Mtaa mzima ulimwita Cheche. Kanisani alionekana kwenye harusi na misiba tu, na hata huko alikaa karibu na mlango.

"Lete hilo gauni, shemeji. Mimi na moto tunajuana."

"Moto wako wa mageti, Cheche."

"Moto ni moto."

Akawasha mkaa, akatandaza gauni mezani. Mama Pasi akavuta kiti ili amsimamie, na usimamizi wake haukuwa na huruma. Pasi ilipogusa kola tu, akamkatiza.

"Hapo unaombea kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mwenye gauni. Mimi sijui njia nyingine ya kunyoosha."

Alisema kwa ukali, maana kuomba aombewe kulimwia vigumu kuliko kufulia mtaa mzima bure. Cheche akataka kucheka, akaona macho ya shemeji yake, akaacha.

"Mungu," alianza, akakohoa. "Shikamoo."

Mama Pasi akauma mdomo.

"Ni mimi, Cheche. Tuna muda hatujaonana. Hiki kichwa cha shemeji ni kigumu, unakijua, lakini usikilainishe sana, tutamkosa. Mifuko hii haina kitu, jaza unavyoona wewe. Sasa nimefika mkono wa kulia."

 Hapo pasi ikasimama.

"Huu mkono," alisema mwishowe, "ulininyooshea shati la kwenda kumzika kaka. Siku ile nilikuwa nimekwisha, hata vifungo vilinishinda. Akanifungia yeye, na mjane ni yeye. Sasa hana nguvu, na mimi sijui kusema. Ushike wewe, Mungu. Basi."

Moshi ukaanza kupanda.

"Cheche! Pasi!"

Kwenye mkono wa gauni ilibaki alama ya kahawia, umbo la pasi kamili. Cheche alishika kichwa, akaomba radhi kwa shemeji, kwa Mungu na kwa gauni. Mama Pasi alicheka mpaka akatokwa na machozi, na katikati ya kicheko akajikuta anasema, "Asante, Baba, asante," na maneno yakaendelea kuja yenyewe. Mkono ulikuwa bado umelala pajani. Hofu ndiyo iliyokuwa imeondoka.

Walifika kanisani wamechelewa. Cheche akanyemelea kiti cha mlangoni, lakini Mama Pasi akamkamata shati kwa mkono wa kushoto, akamburuta mpaka mbele. Ibada ilipokwisha, kiongozi wa kwaya, ambaye pumzi zake hazikuwa zimepungua hata kidogo, aliiona ile alama. Akamnong'oneza kwamba mke wake angeweza kuifunika kwa kiraka kizuri tu.

"Asithubutu," alisema Mama Pasi. "Hapo ndipo nilipoombewa."