Mbwa Jike wa Drusilla

Watu wa Kebirigo, Mungu awasamehe, hawajui kunyamaza. Drusilla, mjane wa Nyakundi, alikuwa na kishamba cha majani chai na mbwa jike aitwaye Keti, aliyefungwa kizazi siku ya chanjo sokoni. Mwaka huu Keti akaanza vituko. Alimpanda mbwa jike wa jirani, akampanda ndama, akaukumbatia hata mguu wa mzee wa kanisa aliyekuja kuomba, lo! Watoto walicheka. Wakubwa hawakucheka.

"Jike afanye kazi ya dume?" jirani yake Edinah aliuliza kwenye kituo cha kupimia chai. "Tena aliyekatwa kizazi? Huyo katumwa. Lisemwalo lipo."

Huku kwetu hayo si mzaha. Mwanamke mzee, mjane, akaaye peke yake, akishaitwa mchawi, kinachobaki ni kiberiti. Shangazi yake Drusilla alichomwa ndani ya nyumba yake, na waliomchoma walikuwa wakimwita mama. Tangu siku hiyo Drusilla alichuma chai akitazama nyuma.

Mwanawe wa pekee, Abner, karani mjini Kisii, akapiga simu. "Mama, ua huyo mbwa kabla watu hawajaja."

"Nimuue kwa kosa gani? Ng'o!"

Akamfunga Keti kamba, akamkokota hadi kwa Ogoti, daktari wa mifugo. Ogoti akampapasa tumbo, akaupima mkojo.

"Mama, hata aliyefungwa kizazi hupanda," akasema. "Akisisimka, akiwa na wasiwasi, au akicheza tu. Lakini huyu anajilamba mno na anakojoa matone matone. Mkojo unamchoma. Ni ugonjwa, si uchawi."

Drusilla akavificha vidonge ndani ya vipande vya nyama, akamlisha mpaka vikaisha. Keti akatulia, akawa analala mlangoni kama mbwa wa mtu yeyote. Sabato hiyo Drusilla aliimba kanisani kwa sauti yote. Maskini, alidhani yamekwisha!

"Mmeona?" Edinah akawanong'oneza wenzake. "Tumesema tu, naye amemkomesha mbwa wake. Anayefunga ndiye aliyefungua."

Sabato iliyofuata, hakuna aliyeketi naye benchi moja.

Abner akaja nyumbani. Drusilla akafurahi kupita kiasi. Akachinja kuku, akasonga ugali wa wimbi, akamweleza maneno yote ya Ogoti. Abner aliitikia kwa kichwa, "Ndiyo, Mama. Ndiyo." Chakula kikawekwa mezani. Akanawa mikono, kisha akaiweka mapajani.

"Kula, mwanangu, kitapoa."

Abner hakumtazama. "Onja wewe kwanza, Mama."

Drusilla akanawa mikono. Akamega tonge, akachovya mchuzi, akatafuna mbele ya mtoto aliyemzaa, akameza. Abner akasubiri kidogo, ndipo akanyoosha mkono.