Siku Tulipojua Mama Hakulogwa

Vita vilipofika kijijini kwetu Eringeti, tulimleta mama Butembo, kwa kaka yangu. Alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa letu miaka mingi. Tulidhani amechoshwa na njia. Lakini kila asubuhi aliuliza nani anachuma kahawa yake, akaficha chumvi chini ya godoro, kisha akalia kwamba mke wa kaka yangu anamwibia.

Jamaa wakakusanyika. Shangazi akasema wazi, "Huyu mwanamuke ndiye alimuloga. Arudie kwao Mutwanga!"

Kaka yangu aliinamisha kichwa. Mke wake akaanza kufunga nguo. Nikaomba siku moja tu.

Kesho yake tulimpeleka mama hospitali, mimi na huyo mke wa kaka. Nilimweleza daktari maneno ya shangazi. Alimpima mama damu, hakuona malaria wala ugonjwa mwingine. Akamwomba achore saa. Mama alichora duara zuri, halafu akarundika namba zote upande mmoja. Nilitazama ukutani ili nisilie.

Daktari akafungua jarida la Kifaransa la madaktari, akatuonyesha picha ya ubongo yenye madoa.

"Hii hapana bulozi," akasema. "Ni bongo ndiyo inagonjwa. Inaitwa Alzheimer. Kuko uchafu inajikusanya mule kidogo kidogo, na bongo inakufa. Sababu yake, bachercheurs, benye kuchunguza magonjwa, bangali banatafuta. Ulaya kuko dawa ya kusaidia akili kidogo, lakini haiponyeshe."

"Na sisi, Docteur?"

"Dawa ile haiyafika huku. Musimubishie. Mumupe kazi yenye anajua. Na muimbe naye."

Mke wa kaka yangu alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti.

Nyumbani nilirudia maneno yote mbele ya jamaa. Shangazi aliuliza mara tatu kama ni kweli. Mwishowe akabeba mwenyewe furushi la nguo la mke wa kaka, akalirudisha chumbani. "Unisamehe, binti yangu," akamwambia.

Mama aliishi nasi miaka sita tena. Jina la mke wa kaka lilimpotea, ila walichambua maharage pamoja wakiimba, na mama hakukosea hata ubeti mmoja.

Siku hizi redio inasema kuna dawa za kuondoa ule uchafu wa ubongo, za kuchelewesha ugonjwa ukiwa bado mchanga. Huku kwetu Beni na Butembo dawa hizo bado hazijafika. Lakini habari hizo zikianza, naongeza sauti na kuwanyamazisha wote nyumbani.