Mama Kimya Atega Sikio

Wanafunzi walimwita Mama Kimya, na jina lilimkaa. Katika maktaba ile ya chuo kikuu, ukinong'ona tu ameshakutolea jicho. Lakini muhula huu mwenyewe hakutulia. Anakaa, anainuka, anapanga rafu ambayo imekwisha pangwa.

Kisa ni tasnifu za zamani. Alijifunza kuziskani, akaziingiza kwenye kompyuta, kila moja na maneno yake ya kutafutia, sanifu kabisa, kama alivyofundishwa kwenye kozi ya ukutubi. Hakuna aliyezifungua. Mkuu wa maktaba hakumung'unya maneno.

"Dada, zisiposomwa mpaka muhula uishe, kitengo chako cha tasnifu tunakifunga. Wewe utahamia stoo."

Stoo! Yeye akagawe mifagio na sabuni!

Mara wanafunzi wawili wakaanza kunong'ona karibu na kaunta. Alishafungua mdomo awanyamazishe, binti mmoja akasema, "Natafuta habari za watu kukimbilia mjini, kompyuta inaniambia hakuna."

Mama Kimya akaganda. Zimo tele, kaziingiza kwa mikono yake! Ila aliandika "uhamaji wa ndani". Nani anaongea hivyo? Miaka yote amewafunga watu midomo, angejuaje wanavyoongea?

Tangu hapo akatega sikio, minong'ono akaiachia. Akinasa neno, huyoo kwenye kompyuta, analiongeza kando ya lile sanifu. Lile la zamani hakulifuta, maana wahadhiri nao wana lugha yao.

"Dada mkubwa, unaumwa?" mwenzake wa kaunta alimuuliza. "Watu wanapiga soga, umenyamaza tu!"

"Niache, niko kazini."

Tasnifu zikaanza kufunguliwa. Habari za stoo zikafifia, ila yeye roho bado juu juu.

Mwisho wa muhula yule binti akarudi na mwenzake. Mama Kimya akasimama, tayari kumsaidia. Binti akampita kama anayepita nguzo, akakaa kwenye kompyuta, akaandika "kukimbilia mjini". Tasnifu zikajipanga mbele yake.

"Hee, hii kompyuta siku hizi ina akili!" akamwambia mwenzake. "Inatuelewa tunavyoongea."

Mama Kimya alifurahi, na papo hapo ikamuuma. Alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Ni mimi!" ikamtoka, kwa sauti, katikati ya maktaba. "Si kompyuta, ni mimi!"

Kwenye meza ya dirishani kijana mmoja aliyezama katika tasnifu akainua kichwa, akamtolea jicho.

"Shii!"