Nilimwapia Mama Kuwa Deni la Chuo Limesamehewa

Assalamu alaykum Admin na wasomaji wote. Naomba jina langu lisitokee, na kijiji pia usikitaje. Sema tu ni kaskazini ya Malindi, yatosha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeachika, nina mtoto mmoja, na naishi kwa mama yangu ambaye ni mjane. Nilisoma hadi kidato cha nne kisha nikajifunza cherehani. Tangu shuleni nina desturi ya kuandika kila siku yaliyotokea, kwa tarehe, kwa hiyo haya siyakisii.

Tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Alipomaliza sekondari, mjomba wetu aliye fundi wa mashine za boti kule Ngomeni alitaka kumchukua amfundishe kazi. Mama alikubali. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia, "Mama, kijana ana alama za chuo kikuu, utampeleka akanuke mafuta?" Akaniuliza pesa zitatoka wapi. Nikamwambia kuna mkopo wa serikali. Fomu niliijaza mimi, na mahali pa mdhamini nikaweka jina langu.

Akarudi na shahada ya biashara, akakaa nyumbani miaka miwili akituma maombi ya kazi. Ujumbe wa kudaiwa ukaanza kuingia kwenye simu yake, kisha kwenye yangu. Mama hajui kusoma, lakini aliona nyuso zetu zikibadilika kila simu ikilia. Mwishowe mdogo wangu alichoka kungoja, akaenda mjini kujifunza kutengeneza friji kwa fundi mmoja aliyeishia darasa la nane. Siku ya kwanza yule fundi alimwambia, "Haya, mheshimiwa digrii, nishikie tochi." Alinisimulia akicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Balaa lilikuja mama alipotaka kuweka minazi rehani. Kwetu pwani ardhi yaweza kuwa ya mwingine na minazi ikawa yako. Baba alituachia minazi kumi na minane, na ndiyo riziki ya mama: nazi auza, makuti asuka. Jumanne moja nilirudi kutoka kupeleka sare za madrasa nikamkuta tajiri wa nazi barazani kwetu. Angetoa pesa, kisha azichume nazi zetu miaka sita. Mama akasema, "Nimlipie mwanangu deni, nife nimetulia."

Nilishikwa na hofu. Wiki ile mgombea mmoja alikuwa amepita na vipaza sauti akiahidi kuwa akichaguliwa mikopo ya wanafunzi itafutwa. Nikamvuta mama ndani, nikasema, "Usiweke rehani kitu. Deni limesamehewa, ujumbe nimeupata leo."

"Wallahi?"

Nikasema wallahi. Tajiri akaenda zake.

Nilidhani yamekwisha. Ijumaa mama akachinja kuku wake wote wanne, akapika pilau, akaita majirani na mwalimu wa madrasa. Ikasomwa Yasin na dua ya shukrani. Mdogo wangu, ambaye ajua ukweli, akanifuata uani.

"Dada, umefanya nini?"

"Ungetaka minazi iende?"

"La. Lakini mama ainua mikono kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikutokea."

Nikachukua sinia la pilau, nikarudi kwa wageni. Tangu siku hiyo yeye alipa kimyakimya, kidogo kidogo kila mwezi, kwa kazi ya friji za mahoteli. Ufundi nilioudharau ndio ulipao deni nililomtia mimi.

Kumbe kwenye pilau ile alikuwapo jirani yetu, nitamwita Bi Rehema, si jina lake. Binti yake ana duka la dawa Kilifi, na mkopo wake wa chuo alikuwa akiulipa vizuri. Bi Rehema akampigia simu: "Acha kutupa pesa zako, wenzio wamesamehewa." Binti akaacha kulipa. Aliamini kwa kuwa habari ilitoka kwangu. Hapa mtaani nasifiwa kuwa sisemi nisilo na hakika nalo.

Jana alasiri Bi Rehema alipiga hodi, hata hakuketi. "Jirani, mwanangu ameandikiwa faini ya miezi mitano. Yuaja Jumamosi. Ataka kuuona huo ujumbe wenu wa msamaha."

Mama akacheka. "Hilo tu? Huyu wangu huandika hata siku aliyozaa paka. Atawatolea daftari awasomee." Akanigeukia. "Au siyo, mwanangu?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Usiku sikulala. Ukurasa wa Jumanne ile una mstari mmoja tu: "Leo nimemwapia mama uongo." Nimefikiria kuuchana. Nimefikiria kusema simu iliharibika, ujumbe ukafutika. Kila uongo naona wazaa mwingine. Mama ana presha, na siku ya kufiwa na baba alianguka hatukujua kama atazinduka. Nikimwambia, naogopa ataanguka tena. Akisalimika, namjua, siku hiyo hiyo atamwita tajiri wa nazi. Nisipomwambia, ataaibika mbele ya watu aliowalisha, na yule binti ataendelea kuandikiwa faini kwa sababu ya mdomo wangu. Mdogo wangu asema, "Twende tumwambie sote wawili, mimi nitamshika mkono." Mimi namwambia angoje kidogo.

Leo ni Alhamisi. Naandika haya nikiwa kwenye cherehani, na mama yuko uani asuka makuti, aimba. Ndugu zangu, mlio na wazazi mnielewe, na mlio wazazi mniambie: mngetaka kuusikia ukweli huu vipi, na kutoka kwa nani kwanza? Nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini kabla ya Jumamosi. Nifanye nini?