Nyongeza ya Baruti

Sifa njema zote ni za Mola aliyeipa kila chembe uzito wake, hata ile ambayo mkono hauihisi. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa macho yaliyonihudumia mpaka leo ninapoandika haya.

Nyuma ya nyumba yetu ya Lewisham palikuwa na kibanda cha mbao. Aliyekaa kabla yetu alifugia njiwa humo. Mimi, katika miaka ya tisini, nilikifanya karakana ya risasi. Wenzangu msikitini walicheka: karani wa hospitali, mtu wa Unguja, na kibali cha polisi cha bunduki! Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenitia katika klabu ya kulenga shabaha, na kwa njia hiyo nikajuana na mzee mmoja wa Kiingereza, mfugaji wa kondoo huko Kent. Mzee yule alikuwa na taabu moja: kunguru.

Sisi wa Unguja kunguru tunawajua kwa wizi wa mkate na samaki. Wa Kent wana jambo jingine. Kondoo akizaa, na mwanawe bado amelala hajapata nguvu za kusimama, kunguru hushuka akamdonoa macho. Nilionyeshwa mwanakondoo mmoja aliyedonolewa hivyo. Alikuwa hai, anamtafuta mama yake kwa kufuata sauti.

Sheria yetu imeruhusu kunguru auawe hata na aliyehirimia Hija, kwa hiyo kumuua hakukunitia shaka. Shaka yangu ilikuwa namna ya kuua. Tumefundishwa kwamba hata ukiua, uue vizuri, kiumbe asiteseke. Na kunguru wa kule hamngoji mtu. Ilibidi apigwe kutoka ng'ambo ya bonde, mahali ambapo kwa macho matupu ni nukta nyeusi tu. Nikajiwekea sharti: sitampiga hata mmoja mpaka risasi zangu, kwa umbali ule ule, zitoboe karatasi matundu ambayo kikombe kimoja cha kahawa kinayafunika yote.

Risasi za dukani hazikufika hapo. Nikaanza kuunda zangu. Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ya kuwashia, baruti, na kichwa kinachoruka. Unabadilisha kimoja, unaviacha vitatu, unapiga, unasoma karatasi. Nilifanya hivyo majira yote ya baridi. Vichwa vyepesi vilikwenda kasi, lakini upepo wa bondeni uliviyumbisha. Vizito vilishindana na upepo, ila mtutu wangu haukuvipenda, vikatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Vya kati vikatulia. Kisha nikatafuta kiasi cha baruti, nikipanda kidogo kidogo bila kuuvuka mpaka uliowekwa na watengenezaji, hadi siku moja matundu yakasogeleana kama watu katika safu ya sala. Nilimpelekea mke wangu karatasi ile, machozi yananilengalenga.

"Ndiyo haya tu?" akasema. "Vitundu?"

Ikabaki kutengeneza akiba kabla kondoo hawajaanza kuzaa. Wakati huo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja. Maisha yake yote aliuza bizari na iliki kwa mizani.

"Shemeji," aliniambia alipokiona kibanda, "umewakimbia kunguru wa kwetu, ukaja kuwafuata Ulaya? Na nauli ukalipa!"

Tukagawana kazi. Yeye alipima baruti, mimi nikapachika vichwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na kila ganda alilisomea bismillahi.

Jumamosi tukaenda Kent kuzijaribu. Nikabandika karatasi ng'ambo, nikalala kifudifudi, nikapiga. Matundu yakaenda huku na huku, na bunduki ikawa nzito kufunguka, dalili kwamba nguvu imezidi ndani. Nikaacha mara moja.

"Upepo huu," nikasema.

"Upepo gani? Hata jani halitikisiki. Macho, shemeji! Sema tu macho yamezeeka."

Mzee wa shamba akaja na mabuti yake ya mpira. "Wa kwanza wamezaa alfajiri," akasema, "na kunguru wameshajipanga kwenye ua. Leo utanisaidia?"

"Leo siwezi. Risasi zangu haziko sawa."

Akaitazama karatasi, akalitazama bonde. "Basi nitawalinda kwa fimbo. Lakini kondoo ni wengi, na mimi ni mmoja."

Tukarudi nyumbani. Tulipomaliza kusali alasiri nikamwomba shemeji apime tena, nami nikakaa kumtazama. Akamimina taratibu mpaka mkono wa mizani ukasimama sawasawa. Nikashusha pumzi. Kisha, hata bila kuangalia, akachota chembe chache kwa ncha za vidole akazitia. Mizani ikainama.

"Hiyo nini?"

"Ipi?"

"Hiyo uliyotia sasa hivi."

Akanikodolea macho kama niliyemuuliza kwa nini anapumua. "Nyongeza, shemeji! Marehemu baba alituusia, usimpe mtu kitu mpaka mizani imwinamie mteja."

"Mteja nani hapa? Kunguru?"

Akaitazama mizani, akaitazama baruti. Tukacheka hata mke wangu akaja mlangoni kuuliza kumetokea nini.

Kicheko kilipokwisha nikazichota zile chembe kwa kidole, nikazitazama. Ufuta ni mkubwa kuliko hizo. Nazo zilitosha kuipotosha risasi ng'ambo ya bonde. Zingezidi kidogo, zingenipasulia bunduki usoni. Tangu chuoni, utotoni, nimesoma kwamba Mwenyezi Mungu ameinua mbingu akaweka mizani, ili tusipindukie katika mizani wala tusipunje. Sisi watoto wa wenye maduka tulilishika sana lile la kutopunja. Lakini la kutopindukia ndilo lililotangulia, na mimi nilikuwa nikilipita kila siku kwa ulimi. Nyongeza kwa mteja ni sadaka. Ila jua halikupewa nyongeza, wala damu mwilini, wala chumvi ya bahari. Nikakaa pale na kidole changu hewani kama mtoto.

Tukazifungua risasi zote, moja moja, tukaanza upya. Safari hii shemeji alipima kwa kijiko kidogo, mkono wa kulia ameukalia. "Huu umezoea ukarimu," akasema. "Usiuamini."

Jumapili tukarudi Kent. Nikapiga karatasi kwanza, nikaenda na kikombe changu cha kahawa. Kikayafunika matundu yote. Tukalala nyuma ya ua wa upande wetu, mzee akiwa na darubini yake. Ng'ambo kondoo mmoja alikuwa ametoka kuzaa. Kunguru akatua, akaanza kumjongelea mtoto kwa hatua za kiungwana. Nikangoja. Alipopanda kichuguu pembeni, mbali na kondoo, na nyuma yake kilima kitupu, nikasema bismillahi, nikafyatua.

Hakupiga hata bawa. Waliobaki kwenye ua wa ng'ambo wakaruka wote.

Tulivuka bonde kwa miguu. Mwanakondoo alikuwa amekwisha kusimama, miguu inamtetemeka, manyoya bado yana maji. Mzee akainama, akamgeuza uso upande huu na upande huu, akiyakagua macho yote mawili. Shemeji naye akachuchumaa, mtu mzito yule, magoti kwenye tope.

"Shemeji," akanong'ona, "ananitazama."

Ewe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu akupe ukarimu mkono unapotakiwa uongeze, na subira mkono unapotakiwa usimame. Akuhifadhie macho yako na ya watoto wako, na siku ya mizani kubwa, ambayo peke yake ndiyo tunayoiombea nyongeza, akuzidishie kwa rehema yake. Amin.