Kwa Mama Provi Hakuna Anayekula Kabla Yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtaani Kawajense, mjini Mpanda, wateja tisa wamekaa kwenye mabenchi mawili barazani. Ni Jumanne. Chai imeshamiminwa, mvuke unapanda, na hakuna anayegusa kikombe.

Wanamtazama mwanamke anayevuta trei ya skonzi kutoka kwenye tanuri la udongo kwa tambara lililokunjwa mara nne. Anaitua mezani mbele yao. Haichukui ya pembeni iliyobabuka. Anachukua ya katikati, anaipasua kwa vidole, anapuliza, anakula. Anatafuna taratibu, kama mtu anayejua kuwa kila tonge linahesabiwa. Anameza.

"Haya, karibuni."

Hapo ndipo mikono inanyooka.

Mlangoni amesimama binti yake, Providence, 22, birika mkononi. Yeye hatazami mkate. Anamtazama mama yake, na amenuna.

Mama huyo ni Gaudiose Celestin, 47, ambaye wateja wanamwita Mama Provi. Kwa siku anakanda kilo kumi na mbili za ngano na kuoka skonzi 180, moja shilingi 300. Zikiisha zote, akitoa unga, sukari, hamira na kuni, anabakiwa na kama elfu kumi na tano.

Kula mbele ya wateja hakukuanza kama mbinu ya biashara. Gaudiose alizaliwa Katumba, kwa wakulima waliotoka Burundi na baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Nyumbani kwao, mgeni hakupewa kinywaji mpaka mwenye nyumba akinywe kwanza.

"Ukimpa mtu bila kuonja, umemwambia ajihadhari," anasema. "Mama yangu angenichapa."

Alipofungua mgahawa wake mwaka 2017, alikuja na adabu hiyo nzima nzima. Wiki ya kwanza aliingia Athuman, muuza vipuri vya pikipiki mtaani hapo, akaagiza chai. Gaudiose akashika kikombe kwa mikono miwili, akapiga funda moja, akamkabidhi.

Athuman alikitazama kikombe. Kisha akakiinamisha polepole, chai yote ikamwagika chini.

"Mama, nimeagiza chai," alisema. "Makombo sikuagiza."

Leo Athuman, 58, anasimulia bila kujitetea. "Niliona nimedharauliwa. Nikasema kwa huyu sirudi. Sasa duka langu liko pale, unaliona? Harufu ya mkate inaingia mpaka kwenye mafaili. Nilivumilia siku nne."

Gaudiose aliacha kuonja. Alihudumia kama mji unavyotaka, na mji ukazoea skonzi zake.

Si kwamba walimsifu tu. Wateja wa mgahawa huu wana midomo. Wanalalamika kuwa benchi la kushoto linabana suruali, kwamba tangawizi ya Providence inakohoza, na kwamba ukija saa tatu utakuta sahani tupu na pole nyingi. Makoye, anayeleta mahindi kutoka Kasansa kila Ijumaa, ana lake.

"Mkate wenu laini mno, haushibishi. Nyie mnakula hewa," anasema, huku akichukua wa nne. "Ila huyu mama haongopi. Ukimuuliza, huu wa jana? Anakwambia ndiyo, ni wa jana."

Machi 2022 hilo halikumsaidia. Mteja mmoja alitapika usiku kucha, na kesho yake ikasemwa ni skonzi za Mama Provi. Keshokutwa ikaongezwa kuwa unga wake una wadudu. Hakuna aliyekuwa ameuona. Mauzo yalishuka kutoka skonzi 180 hadi 25.

"Kuku wa mtaa huu walinenepa mwezi ule," anasema Skolastika, muuza dagaa mwenye umri wa miaka 60, mteja wa tangu mwanzo. "Na mimi nilikimbia, sikufichi. Tumbo halina urafiki."

Siku ya kumi na moja, Gaudiose aliitoa meza ndani akaiweka barazani. Akatoa trei, akasimama peke yake, akala skonzi ya katikati.

"Sikusema neno," anasema. "Ningesema, wangesema najitetea."

Skolastika alikuwa anapita na beseni lake. "Nikaona mtu anakula mkate kama ana kesi nao. Nikatua beseni, nikakaa."

Baada ya mwezi mmoja mabenchi yalijaa. Tangu hapo ikawa desturi: hakuna anayekula kabla yake.

Agosti mwaka jana Gaudiose alikwenda zahanati kwa sababu ya kiu isiyokatika. Akaambiwa ana kisukari.

"Daktari akasema niache ngano na vitu vitamu. Akaniuliza, unafanya kazi gani? Nilipomwambia alicheka. Halafu akaacha kucheka."

Alijaribu njia ya kati. Alioka kidude kidogo cha ulezi kisicho na sukari, akakiweka katikati ya trei, akawa anaonja hicho. Siku ya tatu Skolastika aliweka kikombe chini.

"Mama Provi, hicho kidogo cha nani?"

"Changu."

"Kwa nini chako kisiwe kama chetu?"

Gaudiose akawaeleza pale pale, akiwa amesimama, mambo ambayo watu huambiana wakiwa wamekaa. Wawili waliondoka bila kula. Kesho yake alirudia skonzi ya sukari.

Wote wanajua inamuumiza. Hakuna aliyemwomba aendelee, na hakuna aliyemwomba aache.

Providence amejitolea kuonja badala yake. Mama amekataa.

"Aliyekanda ndiye anayeonja," anasema. "Nikimtanguliza mtoto, nimejificha nyuma yake."

"Akilazwa, nani atakanda?" Providence anauliza. Hamuulizi mtu fulani swali hilo, analitupa tu, akiwa anaosha vikombe.

Ijumaa, mambo yanakwenda kama Jumanne: chai, mvuke, trei mezani. Tofauti ni moja. Athuman, ambaye kwa kawaida hufika watu wakiwa wameanza, leo amewahi. Amesimama upande wa pili wa meza.

Gaudiose anachukua skonzi ya katikati. Kabla hajaipasua, Athuman ananyoosha mkono.

"Lete hapa, Mama Provi."

"Baba Hadia, zamu yako bado," Gaudiose anamjibu Athuman.

"Lete."

Anaichukua, anaipasua, anakula nusu yote. Benchi linamwangalia kama linavyomwangalia mama. Anameza.

"Nzuri," anasema. "Chumvi imepungua."

"Haijapungua," anasema Gaudiose.

"Imepungua. Onjeni wenyewe, mnakaa kama mmealikwa harusi."

Makoye ndiye wa kwanza kucheka, na wa kwanza kufikia trei. Skolastika anamfuata. "Kesho mimi," anasema. "Na keshokutwa huyu wa Kasansa, kama atakuwa hajarudi kwao."

Gaudiose anachukua tambara. Anafuta meza isiyo na uchafu.

"Kwa mama yangu, anayeonja ndiye mwenye nyumba," anasema baadaye. "Kwa hiyo sasa nina wenye nyumba wengi. Wataanza kunipangia na bei."

Mipango anayo. Mvua zikikatika anataka kujenga tanuri la pili mtaani Shanwe, kwa ajili ya Providence. Matofali tayari anayo, mia mbili na arobaini, yamefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Huko binti atakanda unga wake mwenyewe. "Akikanda mwenyewe, aonje mwenyewe. Hapo sitamkataza." Gaudiose anasubiri kurudi zahanati mwezi ujao, na anataka safari hii daktari asipate cha kumgombeza.

Providence anakuja na birika. Athuman anafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Leo usinitilie sukari."

Binti anamimina. Athuman anakiinua kikombe, lakini hakipeleki mdomoni. Anakisogeza upande wa pili wa meza, kwa mikono miwili.

"Anza wewe," anamwambia Gaudiose.

Gaudiose anapiga funda moja na kumrudishia. Athuman anakipokea, anakunywa mpaka chini.